Sanduku la Bati na Spika Mbili

Msimu wa karafuu wa mwaka 2011 ulikuwa wa neema katika kisiwa cha Pemba. Serikali ilikuwa imepandisha bei ya kununulia zao hilo, na wakulima wakashika fedha ambazo wengi wao hawakupata kuzishika tangu soko la karafuu lilipoporomoka katika miaka ya 1980. Juu ya neema hiyo palikuwa na nyengine. Mwaka uliotangulia, 2010, waya wa umeme ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na kisiwa kilichozoea kuhesabu saa za jenereta za Wesha kikaanza kulala na taa. Fedha na umeme vilipokutana, maduka ya Chake Chake na Wete yakajaa mafriji, televisheni na spika.

Miongoni mwa walionunua alikuwamo mkulima mmoja wa upande wa Mtambwe, mtu wa makamo, mpenda nyimbo tangu udogo wake. Yeye hakununua friji. Alivuka kwa meli hadi Unguja, akarejea na amplifaya moja na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa chuoni. Vijana wanne walizibeba kutoka garini mpaka ukumbini, na jioni ile majirani walikuja kuzitazama kama wanavyokuja kumtazama mgeni. Katika fedha yote ya karafuu alibakiwa na kiasi cha kununulia samaki wa siku mbili.

Chini ya kitanda chake, jioni hiyo hiyo, lilikuwako sanduku la bati lenye kanda 43 alizozikusanya kwa miaka 30. Chombo kipya kilikuwa na tundu la kuchomeka flashi na tundu la waya wa simu. Mahali pa kutia kanda hapakuwapo. Jambo hilo halikumshughulisha. Alijiambia kuwa mashine ya kanda ni kitu kidogo, ataitafuta msimu ujao.

Mtu apeleke wapi fedha yake, kwenye chombo cha kusikilizia au kwenye nyimbo zenyewe? Aghalabu swali hili huchukuliwa kuwa la wenye nafasi, watu wasiokuwa na dhiki nyengine ya kufikiri. Mkulima huyu alikuja kutambua kwamba ni swali la maskini zaidi kuliko la tajiri. Tajiri akikosea hununua tena. Maskini akikosea hungoja msimu, na msimu ukichelewa, alichokuwa akikingojea huenda kisiwepo.

Katika ujana wake mizani hiyo ilikuwa imejipanga yenyewe. Rediokaseti yake ya kwanza aliletewa na ndugu aliyekuwa akifanya kazi Ghuba, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa chombo cha kawaida, chenye spika moja na maikrofoni ndogo iliyofichwa nyuma ya vitundu vya plastiki. Ilitumia betri kubwa 6, na betri zilikuwa adimu. Zilipochoka, mota ilipunguza mwendo na mwimbaji akaimba kama mtu aliyelemewa na usingizi. Hapo zilitolewa, zikaanikwa juani juu ya bati, nazo zikapata uhai wa nyimbo mbili tatu zaidi. Utepe ulirudishwa nyuma kwa kuzungusha kalamu ya wino katika tundu la kanda, ili betri zisitumike kwa kazi isiyotoa sauti.

Kwa kuwa chombo hakikuweza kuongezwa, kila senti iliyobaki ilikwenda kwenye kanda. Alinunua nyimbo za Mombasa, za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, kutoka kwa wafanyabiashara waliovuka nazo. Alirekodi redioni nyimbo za Ikhwan Safaa na za Culture, akishikilia kitufe kwa kidole na kuomba Mungu mtangazaji asiseme neno katikati ya wimbo. Usiku mawimbi yakisafika, alinasa Umm Kulthum kutoka Cairo, sauti ikija na kuondoka kama maji ya pwani. Kila kanda aliiandikia jina, mwezi na mwaka. Hakujiita mkusanyaji. Neno hilo lingemchekesha.

Katika ukata huo alifanya kosa moja ambalo hakulijua kuwa kosa. Kanda ya dakika 60 na kanda ya dakika 120 zina ganda la kimo kimoja. Ili muda huo maradufu upate kuenea, utepe wa kanda ya pili hufanywa mwembamba sana, hata ukawa mwepesi kunyumbuka, kukunjika na kukatika. Lakini ukigawa bei kwa dakika, ya 120 ni rahisi, na kijana asiye na fedha hugawa bei kwa dakika. Kanda aliyoitia ndani ya redio usiku wa harusi moja ya mwaka 1984 ilikuwa ya dakika 120.

Harusi hiyo ilihudhuriwa na dada yake, ambaye alikuwa mwimbaji. Hakuwa na kundi, wala jina lake halikupata kutajwa redioni. Aliitwa harusini kama anavyoitwa mpishi hodari, kwa sababu kila mtu alijua kazi yake. Kwa tari na vigoma viwili aliwaimbia bibi harusi na wakweze, akitunga papo kwa papo, akimsifu huyu na kumchoma yule kwa mafumbo ambayo mchomwaji aliyatambua akiwa ameshafika nyumbani. Hakuandika hata ubeti mmoja. Wanaume hawakuwa na ruhusa ya kuingia, kwa hivyo kaka alimpitishia mdogo wao redio dirishani, akamwonyesha vitufe viwili vya kubonyezwa kwa pamoja, kisha akakaa nje chini ya mfenesi mpaka shughuli ilipokwisha.

Dada huyo aliaga dunia mwaka 1987, akiacha binti wa miaka 2.

Sauti moja katika utepe mmoja, na utepe wenyewe mwembamba: amana ya namna hii ni nyepesi kuvunjika, na watu wa visiwani walishawahi kuijua kabla ya zama za kanda. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri mpaka Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua kiasi cha dakika 3, hata wimbo mrefu ukabidi ukatwe vipande. Santuri zilisambaa katika pwani yote. Aliyetaka kumsikia Siti nyumbani kwake alihitaji gramafoni, na gramafoni ilihitaji sindano ya chuma.

Katika sindano hiyo mna mafunzo. Iliuzwa katika vikopo vidogo, mara nyingi sindano 200 kwa kopo, nayo ilikusudiwa isome upande mmoja wa santuri kisha itupwe. Ncha yake ililainishwa na mfereji wa santuri, ikalika, na ikishalika hugeuka patasi. Mwenye gramafoni ya fahari na santuri nyingi, akibania sindano na kuitumia ile ile mara 20, alikuwa akizikwangua nyimbo zake kila alipozisikiliza. Kitu cha thamani ndogo kuliko vyote nyumbani ndicho kilichoamua kama sauti ya Siti ingedumu mwaka mmoja au miaka 50.

Basi hesabu ya mpenda nyimbo haina mafungu mawili tu, chombo upande huu na nyimbo upande ule. Lipo fungu la tatu, dogo, lisiloonekana ukumbini: pale chombo kinapougusa wimbo. Kwa gramafoni ni ncha ya sindano. Kwa kanda ni kijichuma kinachosoma utepe, ambacho mafundi hukiita hedi, pamoja na kiroli cha mpira kinachouvuta utepe mbele yake. Mgeni hasifu hedi. Hakuna jirani aliyepata kuja jioni kutazama kiroli cha mpira.

Gramafoni nyingi za zama zile sasa ni mapambo katika maduka ya Mji Mkongwe, pembe zake za shaba ziking'arishwa kwa ajili ya watalii. Santuri zilizosalimika zimekwenda mbali zaidi yake. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya London ilitoa diski ya muziki wa Waswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950, uliochukuliwa kutoka hazina ya santuri ya British Library. Chombo kilipita, wimbo ukabaki, lakini ulibaki kwa sababu mahali fulani mtu aliitunza santuri na hakuikwangua.

Mkulima wa Mtambwe hakuwa akifikiri haya katika miaka ya spika zake mbili. Ilikuwa miaka ya raha. Vijana walimletea flashi zenye nyimbo mia kwa mamia, zilizonakiliwa kutoka simu hadi simu, bila ya majina ya waimbaji, nyengine zikianza katikati na nyengine zikikatika kabla ya mwisho. Alizifungulia sauti mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Kila baada ya wiki alizifuta na kutia nyengine. Alikuwa na nyimbo nyingi kuliko alizopata kuwa nazo maishani, na hakuijua hata moja kwa moyo.

Mkewe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema siku moja akipepeta mchele: "Bwana, nyumba yetu imepata mdomo mkubwa. Sasa tuitafutie na la kusema."

Alicheka, akaahidi kuitafuta mashine ya kanda. Msimu uliofuata ulikuwa mbaya. Uliokuja baada yake fedha ilikwenda kwenye paa. Akiba haiozi, husema wahenga, naye aliamini kuwa kanda zake ni akiba. Wahenga hawakuwa na kanda. Utepe wa sumaku ni unga wa madini uliogandishwa kwa gundi juu ya plastiki, na katika kisiwa chenye masika kama ya Pemba, chini ya kitanda, juu ya sakafu inayotoa unyevu, akiba ya namna hiyo huota kuvu.

Mwaka ule ule wa 2011 alioleta spika zake, kilichapishwa kitabu Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kazi ya Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy iliyohaririwa na Abdilatif Abdalla. Washairi hao wawili waliishi karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, na beti zao zilifika katika kitabu kwa sababu watu walizihifadhi kwa kifua na kwa kalamu, mkono kwa mkono, zaidi ya miaka 80 baada ya wenyewe kufariki. Msomaji wa leo anaweza kukijua alichokisema Kamange. Namna alivyokisema, mahali alipovuta sauti na mahali alipoikata, hapana awezaye kuirejesha. Kwa waimbaji wanawake wa harusini hata maneno hayakuandikwa. Chochote kilichosalia cha sanaa yao kimo katika masanduku ya bati ya jamaa zao, na masanduku hayo yako chini ya vitanda.

Sanduku la Mtambwe lilifunguliwa mwaka 2019, siku ya tatu ya Idd. Binti wa marehemu dada yake alikuja kutoka Unguja, akiwa na miaka 34 na watoto wake mwenyewe. Baada ya chakula alimwambia mjomba wake kwa upole: "Mjomba, tangu nipate akili watu wananambia mama alikuwa akiimba. Kila harusi naambiwa. Nimechoka kuambiwa."

Akalivuta sanduku. Alipofunua kifuniko, harufu ilitoka kabla ya kitu chengine, harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Katika vidirisha vya kanda nyingi utepe ulikuwa na unga mweupe. Katika baadhi yake kile kipande cha sufi kinachousukuma utepe kwenye hedi kilikuwa kimebanduka, kinachezacheza ndani ya ganda. Kanda ya mwaka 1984 ilikuwa katikati ya sanduku, na kwa kuitazama tu ilionekana nzima. Binti aliishika kwa mikono miwili.

Palikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyoharibu. Jirani alikuwa na redio mpya ya bei nafuu yenye mahali pa kanda. Ikaazimwa. Waliitia kanda, wakabonyeza, wakasikia kelele za watu na mlio wa tari, halafu sauti ikazama, ikawa nzito, ikanyamaza. Redio ilikuwa imeula utepe. Walipoifungua, utepe ulikuwa umejiviringa katika kiroli kama uzi katika cherehani mbovu, na katika kuuchomoa ukajikunja vibaya kwa kiasi cha dhiraa nne. Katika kanda utepe hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde, kwa hivyo dhiraa moja ni karibu sekunde 10 za sauti. Dhiraa nne ni ubeti mmoja, pengine miwili.

Binti hakusema neno. Mjomba alikaa juu ya kiti chake baina ya spika mbili, na kwa mara ya kwanza akaona aibu ya ukubwa wake.

Huko Chake Chake yuko fundi wa redio, kijana kwa umri lakini aliyejifunza kwa baba yake. Mkulima alimpelekea kanda ikiwa ndani ya kikopo cha maziwa, imefungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Fundi aliigeuza kanda kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. "Umeitia kwenye chombo gani?"

"Cha jirani. Kipya, hakijatimiza mwezi."

"Upya wa ganda, ami. Kiroli chake kigumu kama kokwa, na mkono unaovuta utepe hauna nguvu. Kimeula kwa sababu hakikujua kuupokea." Akauliza nyumbani ana chombo gani cha kusikilizia. Mkulima alimwelezea amplifaya na spika zake, na ijapokuwa alikuwa na huzuni, kiburi kidogo kiliingia katika maelezo. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Spika zako hazina kosa," alisema. "Ila spika haiujui wimbo, yapokea inacholetewa. Wimbo unasomwa hapa." Akachukua kijiti chenye pamba, akakichovya katika spiriti, akagusa hedi ya mashine iliyokuwa wazi mezani, kichuma kisichozidi ukucha wa kidole. "Hapa pakiwa pachafu, au pamekaa upande, hata ukiwa na spika 10 utasikia uchafu kwa sauti kubwa."

Maneno ya fundi huyo yana wenzake mbali. Mwaka 1973 Ivor Tiefenbrun alianzisha kampuni ya Linn huko Glasgow, Uskochi, akitengeneza mashine ya kuzungushia santuri. Wauzaji wengi wa wakati ule walimshauri mnunuzi aanze na spika. Yeye alishikilia kinyume chake: kilichokosekana katika kusoma santuri hakiwezi kuongezwa na chombo chochote kinachofuata, hivyo fedha ianze mwanzoni mwa safari ya sauti. Mashine zake ziliuzwa kwa bei ambayo mkulima wa karafuu angeiona ya mwendawazimu, na watu bado hubishana juu ya madai yake. Lakini mantiki yake na ya fundi wa Chake Chake ni moja, na huyu wa Chake Chake aliifikia kwa pamba na spiriti.

Kilichohitajika kilikuwa mashine ya kanda ya zamani iliyo imara, ambayo ingetafutwa Dar es Salaam kwa mafundi wanaouza vyombo vilivyotumika, pamoja na mikanda mipya ya mpira, kiroli kipya, na siku kadhaa za kazi ya kuzisafisha kanda na kuzihamishia katika kompyuta. Bei ilikuwa ndogo kuliko ya spika moja. Hata hivyo haukuwa msimu, na fedha haikuwapo.

"Ami, rikodi yenyewe ilichukuliwa kwa maikrofoni moja ya redio?" fundi aliuliza.

"Moja."

"Basi hata ukiwa na spika mbili, zitasema neno moja."

Mkulima alirudi Mtambwe akilirejea jambo hilo njia nzima. Baada ya wiki alimuuzia spika moja mtu anayekodisha muziki wa harusini. Vijana wawili walitosha kuibeba.

Lilibaki swali la mpango. Kanda zilikuwa 43, na kila moja ilitaka saa za kazi. Mwanzoni alitaka zote zihamishwe, na zile alizozipenda zaidi zitangulie. Fundi alimuuliza swali jengine kwa kila kanda: hii ikipotea, iko kwa mtu mwengine? Nyimbo za Juma Bhalo zimo katika mikono mingi, kutoka Mombasa hadi Maskati. Umm Kulthum hapotei. Walipomaliza kuulizana, kanda 30 ziliwekwa kando bila ya hatari kubwa, na 13 zikabaki mezani: harusi, maulidi ya kijijini, ngoma ya msewe iliyorekodiwa uwanjani na njuga za miguuni zikisikika kuliko maneno, na kipande cha dakika 6 cha mama yao akimwelekeza mtu namna ya kukamua tui. Hiki cha mwisho alikirekodi kwa bahati mbaya, wakati akijaribu betri.

Ni kipimo kigumu, kwa sababu kinamlazimisha mtu kutenganisha apendacho na kile ambacho yeye peke yake amekabidhiwa. Juma Bhalo alimpenda kuliko wote, na ndiye aliyewekwa kando.

Mwaka huo huo wa 2019, UNESCO pamoja na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, zilianzisha mradi wa kuutahadharisha ulimwengu juu ya utepe wa sumaku. Mwaka 2025 ulitajwa kuwa ukingo. Wataalamu hawakuogopa kuvu peke yake. Waliogopa kwamba mashine za kuuchezea utepe hazitengenezwi tena kama zamani, vipuri vinakwisha na mafundi wanaovijua wanazeeka, hata utepe mzima utabaki bila ya kitu cha kuusoma. Mwaka huo umeshafika. Mtu aliyetumia fedha yote kwenye kanda na asijali mashine atakuwa na sanduku la bubu, kama vile aliyetumia yote kwenye spika alivyokuwa na mdomo usio na la kusema. Hapo ndipo hesabu mbili zilizoonekana kushindana zinapokutana, nazo zinakutana katika kile kichuma kidogo.

Katika kanda 13, kumi zilitoa sauti. Moja ilikuwa imegandamana, haikukubali kufunguka. Mbili zilikuwa tupu. Pengine ziliwahi kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya, pengine hazikurekodiwa kamwe. Ile ya mwaka 1984 fundi aliiacha mwisho, baada ya mkono wake kuzizoea nyengine. Aliuhamishia utepe katika ganda jipya, akazinyoosha zile dhiraa nne kwa kidole kilichovishwa kitambaa, akaipigisha mara moja tu.

Binti alikuja tena kutoka Unguja. Feni ilizimwa, milango ikafungwa ili watoto wasiingie, na spika moja iliyobaki ikafunguliwa kwa sauti ndogo, chini ya nusu ya nusu ya uwezo wake.

Mwanzo zilisikika sufuria, na mtoto akilia mbali, na wanawake wakibishana juu ya mkeka. Halafu mwanamke mmoja, karibu kabisa na dirisha, akakohoa na kusema: "Nipeni maji kwanza." Kikombe kikagonga kitu. Kisha tari ikaanza, na sauti ile ile iliyoomba maji ikapanda.

Aliimba beti 5 safi. Katika wa 6 sauti ilizama palipokunjika, ikawa kama mtu anayeimba chini ya maji, ikaibuka, ikazama tena. Jina la bibi harusi lilikuwa humo, na halikusikika. Baada ya hapo wimbo uliendelea mpaka upande wa kanda ulipokwisha, kabla ya wimbo wenyewe kwisha.

Mjomba alingoja binti alie. Hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni barazani.

"Mjomba," alisema, "rudisha pale anapoomba maji."

Akarudisha. Akarudisha mara ya pili, na ya tatu. Maneno matatu yasiyo na vina wala mizani, ambayo mwenye kuchagua nyimbo nzuri angeyakata ili wimbo uanze vizuri.

Nakala zimewekwa sehemu tatu: moja Mtambwe, moja kwa binti Unguja, na moja kwa fundi. Kanda zenyewe zimepandishwa juu ya kabati, mbali na sakafu, ndani ya debe lenye kifuniko. Lipo pia daftari la shule lenye orodha, na katika ukurasa wake wa mwisho mkulima ameandika mpangilio wa fedha ya kila msimu baada ya haki za watu kutolewa. Kwanza kabisa ni mikanda, kiroli na spiriti ya mashine. La pili ni kanda za watu wengine, kwa kuwa majirani wameanza kuleta masanduku yao. La tatu ni spika ya pili.

Mpaka sasa hajalifikia la tatu.